Kipeo na Kipeuo: Nafasi ya Kiswahili katika Tarakilishi ya Mwanafunzi wa Hisabati Asiyeona

UTANGULIZI

Makala haya yanahusu programu za tarakilishi zinazomwezesha mtu asiyeona kusoma na kuandika hisabati. Huenda msomaji wa jarida hili akauliza hisabati imeingiaje katika kurasa zilizozoea ushairi, riwaya na sarufi. Jibu ni kwamba programu tunazozizungumzia, zikichunguzwa kwa makini, hazipigi hesabu yoyote. Kazi yake ni kusema. Huzichukua alama zilizopangwa kwenye ukurasa na kuzigeuza kuwa sentensi ambayo msikilizaji anaweza kuielewa, kisha akaiandika upya bila kuipotosha. Sentensi hiyo iwe na umbo gani, itumie istilahi zipi, ipumzike wapi: hayo ni maswali ya lugha, na kwa upande wa Kiswahili sisi ndio tunaotarajiwa kuyajibu.

Suala hili lina makao halisi katika Pwani yetu. Ng'ambo ya kusini ya kivuko, katika bara la Mombasa, ipo Shule ya Wasioona ya Likoni. Mtoto wa Kisauni anayepelekwa huko huvuka Daraja la Nyali hadi kisiwani, kisha akapanda feri. Wa Changamwe huingia kisiwani kupitia Makupa, naye akaishia kwenye feri ileile. Watoto hawa wengi wamejifunza kuhesabu kwa Kiswahili kabla ya kujua shule ni nini. Wametumwa dukani wakarudi na chenji, wamesikia watu wazima wakigawana samaki, wameambiwa saa ni kumi kasorobo. Wanapofika mbele ya tarakilishi, hisabati huanza kusemwa kwa Kiingereza, tena kwa sauti ya mashine.

Si kwamba vifaa havipo kabisa. Shirika la inABLE, lililoanzishwa na Irene Mbari-Kirika mwaka 2009, lilianzia kazi yake katika shule ya wasioona ya Thika, ambayo Jeshi la Wokovu liliianzisha mwaka 1946, na baadaye likafikisha maabara za tarakilishi katika shule nyingine za aina hiyo nchini, Likoni ikiwemo. Kwa hivyo mtoto wa leo anaweza kuandika barua, kusoma habari na kuwasiliana na wenzake kwa msaada wa kisomaskrini, yaani programu inayotamka kwa sauti yale yaliyoandikwa kwenye kioo cha tarakilishi. Ugumu unaanza barua inapokwisha na mlinganyo unapoanza.

Hata hivyo, mlinganyo haukwepeki. Mwezi wa Aprili mwaka 2025, baada ya mjadala mrefu kuhusu pendekezo la kuifanya hisabati kuwa somo la hiari katika sekondari ya juu, Wizara ya Elimu ya Kenya ilitangaza kwamba somo hilo litakuwa la lazima kwa wanafunzi wa mikondo yote. Tangazo hilo halikumbagua anayeona na asiyeona.

UKURASA WENYE GHOROFA

Nathari hutembea kwa mstari mmoja. Neno hufuata neno, na kisomaskrini hulifuata kila moja kama msomaji yeyote afuatavyo. Hisabati haiandikwi hivyo. Hisabati ni maandishi yenye ghorofa: sehemu ina kiasi juu na asili chini, kipeo hukaa juu kidogo upande wa kulia, na alama ya kipeuo hutandaza dari lake juu ya namba zote zinazohusika. Jicho hulipokea umbo lote kwa mara moja. Sikio hupokea jambo moja baada ya jingine, na likishapita limepita.

Tuchukue mfano ulio rahisi. Mwalimu anasoma kwa sauti: kipeuo cha pili cha tisa kujumlisha kumi na sita. Je, ni √9 + 16, ambayo jibu lake ni 19? Au ni √(9 + 16), ambayo jibu lake ni 5? Ukutani jibu liko wazi kwa kuwa dari la alama ama limeishia kwenye 9 ama limeendelea hadi 16. Katika sentensi ya Kiswahili niliyoiandika hapo juu hakuna neno lolote linalotuonyesha dari limeishia wapi. Hali kadhalika ukisema “eksi kujumlisha moja juu ya mbili”, umesema mambo mawili kwa wakati mmoja. Nimewahi kuwasomea wenzangu bwenini usemi huo huo. Wapo walioandika (x + 1)/2, wapo walioandika x + 1/2, na kila upande ukashikilia kwamba ndivyo nilivyosema. Pande zote mbili zilikuwa na haki.

Wenzetu wa shule za msingi za Tanzania, ambako hisabati imefundishwa kwa Kiswahili kwa miaka mingi, wanalo neno lao la kukumbukia utaratibu wa matendo: MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni neno zuri, nami sijui kama sisi Wakenya tumewahi kubuni lililo tamu kulishinda. Lakini MAGAZIJUTO huanza na mabano, nayo mabano ni lazima yaonekane au yasikike kwanza ndipo kanuni ifanye kazi.

Kuna kikwazo kingine kinachotangulia hata utata huo. Vitabu na mitihani mingi huwekwa kwenye tarakilishi milinganyo ikiwa imenaswa kama picha. Kisomaskrini kikikutana na picha isiyo na maelezo husema tu kwamba hapa pana picha, kisha kikaendelea na aya inayofuata. Mwanafunzi husikia, “Tafuta thamani ya eksi ikiwa picha.” Kosa hapo si la mashine. Ni la aliyetayarisha waraka.

KUTOKA NUKTA HADI SAUTI

Kabla ya tarakilishi palikuwa na breli, au nukta nundu kama wasemavyo Watanzania. Louis Braille wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1809, aliuchapisha mfumo wake mwaka 1829. Herufi moja huandikwa kwa kuchagua miongoni mwa nukta 6, na machaguo yote yanayowezekana, ukiacha nafasi tupu, ni 63. Kwa lugha ya kawaida idadi hiyo inatosha. Kwa hisabati haitoshi hata kidogo, ndiyo maana namba huazima herufi: alama ya namba ikitangulia, herufi a huwa 1, b huwa 2, na kuendelea hivyo. Namba 25 ni alama ya namba, kisha b, kisha e.

Aliyeona upungufu huo kwa undani ni Abraham Nemeth, Mmarekani asiyeona aliyeishi kati ya mwaka 1918 na 2013. Alikuwa mwanahisabati, na kwa kuwa breli ya wakati wake haikumtosha katika masomo ya juu, alibuni mfumo wake mwenyewe uliochapishwa mwaka 1952 na ambao bado unatumika. Ndani ya mfumo huo sehemu hufunguliwa kwa alama maalumu na kufungwa kwa alama nyingine. Lakini kwetu sisi wanalugha, linalovutia zaidi ni kazi yake ya pili. Nemeth alihitaji watu wanaoona wamsomee vitabu, naye alihitaji kuwatajia milinganyo ili waiandike. Akatunga utaratibu wa kusema: sehemu inapoanza useme imeanza, inapokwisha useme imekwisha, na usiongeze neno lolote la kwako. Utaratibu huo wa mdomo ndio uliokuja kuwa msingi wa namna mojawapo ya kuisomesha mashine hisabati.

Hatua iliyofuata ilitoka kwa mwanafunzi. T. V. Raman, mzaliwa wa India aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na umri wa miaka 14, aliandika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na kuikamilisha mwaka 1994. Zao la tasnifu hiyo lilikuwa programu iliyoitwa ASTER, jina alilokuwa nalo pia mbwa wake wa kumwongoza njia. Raman hakutosheka na maneno. Programu yake ilibadilisha sauti yenyewe: ilipofika kwenye kipeo, sauti ilipanda, ilipofika kwenye namba ndogo ya chini, sauti ilishuka. Kwa maneno mengine, ghorofa ya ukurasa ikawa ghorofa ya kiimbo. Mtu aliyesoma fonolojia hawezi kulipita jambo hili bila kutabasamu.

Lakini ili mashine ijue kipeo ni kipi, ni lazima mlinganyo uhifadhiwe pamoja na muundo wake, si picha yake. Hiyo ndiyo kazi ya MathML, mfumo wa alama uliopitishwa na shirika la W3C mwaka 1998 kwa ajili ya kurasa za intaneti. Ndani yake sehemu hutambulishwa kuwa ni sehemu, pamoja na kiasi chake na asili yake. LaTeX nayo, iliyozoeleka zaidi vyuoni, huandikwa kwa herufi za kawaida za kibodi, na kwa sababu hiyo wanafunzi wengi wasioona huiandika moja kwa moja kama mtu aandikavyo barua.

Kuhusu visomaskrini vyenyewe tutasema machache. JAWS, iliyoanzishwa na Ted Henter mwaka 1989, ni ya kulipiwa, na bei yake haishikiki kwa shule nyingi. NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kijana asiyeona, naye akaamua itolewe bure. Yeyote anaweza kuipakua na kuiweka hata katika tarakilishi kuukuu. Ndani ya NVDA imo programu ya kutamka iitwayo eSpeak, iliyoanzishwa na Jonathan Duddington, na miongoni mwa lugha zake nyingi imo ya Kiswahili. Matamshi yake ni makavu, hayana utamu wa Mvita wala wa Unguja, lakini yanaeleweka. Hivyo basi, nathari ya Kiswahili tayari inasomeka kwa sauti, bila malipo, Likoni au popote pengine.

Kwa upande wa hisabati, programu inayotumika sana siku hizi pamoja na NVDA ni MathCAT ya Neil Soiffer. Mtumiaji akifika kwenye mlinganyo huisikia sentensi nzima. Akitaka, hubonyeza kitufe cha NVDA pamoja na Alt na M, akaingia ndani ya mlinganyo wenyewe na kutembea humo kwa mishale: ashuke kwenye asili, apande kwenye kiasi, arudie kipeo mara tatu ikiwa hakukisikia vizuri. Aidha, akiwa na kifaa cha breli kilichounganishwa, husoma kwa vidole kile anachokisikia. Taasisi ya Kilimanjaro Blind Trust Africa yenye makao yake Nairobi imekuwa ikisambaza kifaa kimoja cha aina hiyo, Orbit Reader 20. Namba iliyomo katika jina lake ni idadi ya herufi zinazoonekana kwa wakati mmoja, na yeyote aliyewahi kuandika fomyula ya mlinganyo wa kipeo cha pili anajua kwamba herufi 20 huisha upesi. Kwa hiyo sauti na vidole huhitajiana.

Michoro nayo imepata njia yake. Kikokotoo cha Desmos, ambacho hutumika bure, huweza kuucheza mstari wa grafu kama mluzi: mstari ukipanda, sauti hupanda, ukishuka, hushuka.

KISWAHILI KINASIMAMA WAPI?

Kanuni za MathCAT zimeandikwa katika mafaili ya maandishi matupu ambayo mtu asiyejua kutengeneza programu anaweza kuyafungua, kuyasoma na kuyatafsiri. Waliojitolea wameongeza Kihispania, Kifini, Kiswidi, Kivietinamu na Kiindonesia. Katika orodha niliyoiona Kiswahili hakimo. Kifini kina wasemaji wachache kuliko Kiswahili mara nyingi sana, kwa hiyo wingi wa watu si hoja. Kilichohitajika ni watu kadhaa walioketi na kukubaliana jinsi lugha yao itakavyosema kila alama.

Tukiketi sisi, la kwanza litakalotusumbua ni lile lililoipa makala haya anwani. Istilahi zilizozoeleka katika vitabu vya hisabati vya Kiswahili ni kipeo na kipeuo. Kipeo cha pili cha tisa ni 81. Kipeuo cha pili cha tisa ni 3. Kati ya maneno haya mawili pana silabi moja tu, nayo ni irabu tupu iliyobanwa na irabu nyingine mbili. Katika maandishi hakuna tatizo. Hata darasani hakuna tatizo, kwa maana mwalimu huuvuta mkazo wa -u- na kuandika ubaoni papo hapo. Lakini mtumiaji mzoefu wa kisomaskrini huiendesha sauti kwa kasi ambayo sikio lisilozoea haliwezi kuifuata. Niliiweka eSpeak isome maneno hayo mawili kwa kasi ya aina hiyo, na kwa masikio yangu irabu ile ilimezwa kabisa. Mtahiniwa atakayepata 81 mahali pa 3 hatakuwa ameshindwa na hisabati. Atakuwa ameshindwa na istilahi zetu. Mimi ninapendekeza kwamba katika matumizi ya sauti tulitumie neno mzizi mahali pa kipeuo, ingawa najua wapo watakaosema kwamba istilahi iliyokwisha kuenea haifai kuguswa. Hoja yao ina uzito katika kitabu. Ndani ya tarakilishi inayosema, haina.

La pili ni neno sehemu. Tukimfuata Nemeth tutasema “anza sehemu” na “maliza sehemu”. Lakini sehemu katika Kiswahili ni mahali, ni fungu la kitabu, ni kipande cha kitu chochote. Mtihani wenyewe una Sehemu A na Sehemu B. Mtahiniwa akisikia “maliza sehemu”, atadhani amefika mwisho wa karatasi! Pengine lililo bora ni kuazima tabia ya mabano, ambayo tayari tunayafungua na kuyafunga: “fungua sehemu, eksi kujumlisha moja, juu ya mbili, funga sehemu”. Bado ni ndefu. Kiswahili ni lugha ya silabi nyingi, na mlinganyo wenye sehemu ndani ya sehemu unaweza kugeuka utenzi. Ndiyo sababu programu hizi humruhusu mtumiaji kuchagua kiasi cha maneno. Anayeanza husomewa kwa kirefu, mzoefu husomewa kwa mkato, na mahali pengine kituo cha pumzi huchukua nafasi ya neno zima.

La tatu ni kiunganishi na. Sisi husema ishirini na tano kwa maana ya 25. Je, seti yenye memba wawili, 20 na 5, isomweje? Namba mchanganyiko 5¾ tunaisoma tano na robo tatu. Vipi ikiwa kwenye orodha ipo 5, kisha ¾? Hapa sarufi ya namba ya Kiswahili, ambayo huhesabu kwa kujumlisha waziwazi, inagongana na hisabati yenyewe. Dawa inaweza kuwa kituo, au neno mkato, au kupanda kwa sauti kama alivyofanya Raman. Hili linahitaji kujaribiwa masikioni mwa wasikilizaji. Haliwezi kuamuliwa mezani.

Kwa upande wa sehemu ndogondogo, Pwani inayo hazina ambayo vitabu vya shule vimeitumia nusunusu tu. Nusu na robo kila mtu anazo. Thuluthi, sudusi na thumuni zimekuwa zikitajwa katika majumba ya Waswahili kila mara mirathi inapogawanywa, kwa kuwa mafungu ya sheria ya Kiislamu ni nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Watu wasiojua kuandika namba walizifahamu hesabu hizi na kuzibishania kwa mdomo. Yaani hisabati isiyotegemea jicho ilikuwapo hapa siku nyingi. Kwa sikio, thumuni haiwezi kuchanganywa na thuluthi kwa urahisi, na kila moja ni neno moja badala ya manne: mgawanyo “moja juu ya nane” una silabi saba, thumuni ina tatu. Nadhani kanuni za Kiswahili zingefaa kuyatumia majina haya kwa sehemu rahisi, na kuliacha “juu ya” kwa sehemu zenye herufi.

La mwisho ni dogo, lakini bila hilo hakuna aljebra. Herufi inayotajwa kuliko zote katika somo hilo, x, haimo katika alfabeti ya Kiswahili. Mashine inayosoma kwa kanuni za Kiswahili ni lazima iambiwe iiteje. Eksi ndilo tamko la watu wengi. Basi liandikwe hivyo kwenye faili, na q ipewe lake.

Hatutakuwa wa kwanza kuifunza mashine Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, na walioufanikisha walilazimika kubuni istilahi nyingi ambazo hazikuwapo. Wasomi nao wametumia muda wao mwingi wakibishana kama kifaa chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Laiti theluthi ya bidii hiyo ingeenda kwenye yale kinachoyasema! Kisheria pia njia iko wazi. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na katika ibara hiyohiyo Serikali inaagizwa kukuza matumizi ya breli na njia nyingine za mawasiliano zinazowafikia watu wenye ulemavu. Ni mara chache mwanafunzi wa Kiswahili hupata kazi inayotimiza vifungu viwili kwa pamoja.

Ninachokiwazia si mradi wa fedha nyingi. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vinaweza kuunda kikundi cha watu wachache: wawili wa isimu, mmoja wa fasihi simulizi kwa ajili ya mapumziko na kiimbo, mwalimu wa hisabati aliyefundisha kwa Kiswahili, na mwenzetu asiyeona anayetumia kisomaskrini kila siku, ambaye ndiye atakayekuwa na kauli ya mwisho. Wachukue milinganyo ya darasa la sita hadi kidato cha pili. Waandike kwa kila mmoja sentensi mbili au tatu zinazoshindana. Kisha mashine isome, msikilizaji aandike kwa breli alichokisikia, na breli hiyo ilinganishwe na mlinganyo wa awali. Sentensi zitakazorudisha mlinganyo uleule ziingizwe kwenye faili na kutumwa kwa watunzaji wa programu. Zile zitakazorudisha 81 mahali pa 3 zitungwe upya.